Kuosha Madirisha Bila Kumaliza Maji ya Tangi

Katika makambi mengi ya askari na polisi, usafi wa madirisha huja pamoja na habari za ukaguzi. Tangazo likishatoka kwamba mkuu wa kambi atapita kutazama makazi siku ya Jumamosi, Ijumaa yote huwa ni siku ya maji. Mipira ya maji hufunguliwa, ndoo hutolewa nje, ngazi hukopwa kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, na vioo vilivyokaa na vumbi jekundu tangu mwanzo wa kiangazi hung'aa kabla ya jua kutua. Jambo hilo ni jema, wala hapana mtu atakayelilaumu. Usafi ni sehemu ya nidhamu, na nidhamu ya askari huanza nyumbani kwake.

Lakini usiku wa Ijumaa hiyo hiyo, mama anayekaa ghorofa ya juu hufungua bomba apate maji ya kumwogesha mtoto mchanga, nalo bomba hukoroma tu. Tangi limekwisha. Alfajiri watoto huamshwa kabla ya wakati wao, wakapewa jerikani, wakashuka bondeni kwenye chemchemi. Madirisha yamepita ukaguzi. Tangi halikukaguliwa na mtu.

Si lazima mambo yawe hivyo. Kuna namna ya kuosha madirisha, hata ya ghorofa, kwa maji machache mno, huku mwoshaji amesimama chini na miguu yake miwili imekanyaga ardhi. Vifaa vyake ni tangi dogo linalobebwa mgongoni, fimbo ndefu inayorefushwa na kufupishwa, na burashi iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo hiyo. Yafaa kila familia iifahamu njia hii, na hata familia isiyo na vifaa hivyo yaweza kuyatumia mafunzo yake.

HESABU YA MAJI

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila mtu aweza kuifanya kwa saa ya mkononi na jerikani ya lita 20. Mpira wa maji utiwe ndani ya jerikani, bomba lifunguliwe kama linavyofunguliwa siku ya kuosha madirisha, kisha sekunde zihesabiwe. Jerikani ikijaa kwa sekunde 80, mpira huo unatoa lita 15 kwa kila dakika.

Tuseme kuna jumba lenye familia 12, na kila familia ina madirisha sita. Kila familia ikishika mpira kwa dakika 20, itamwaga lita 300, yaani jerikani 15. Jumba zima litamwaga lita 3,600. Kama tangi la jumba ni la lita 5,000, na asubuhi lilikuwa limejaa, jioni zitabaki lita 1,400.

Sasa na tuwatazame watu wenyewe. Wanaohudumia wakimbizi na watu waliopatwa na maafa hutumia kipimo cha lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kiwango cha chini cha maji ya kunywa, kupikia na kuoga. Ikiwa kila familia ina watu sita, jumba lina watu 72, nao kwa kipimo hicho cha watu wa maafa wanahitaji lita 1,080 kila siku. Lita 1,400 zilizobaki zitawatosha siku moja na sehemu ya pili. Endapo bomba kuu la mtaa limepasuka au umeme wa kusukuma maji umekatika, siku ya pili jioni jumba zima litakuwa kavu.

Kwa njia ya tangi la mgongoni, maji hutoka polepole. Mwoshaji aweza kuyapunguza hadi lita moja kwa dakika, au pungufu ya hapo. Akitumia dakika moja na nusu ya maji kwa kila dirisha, dirisha moja litakula lita moja na nusu, na madirisha yote 72 yatakula lita 108. Hizo hazifiki jerikani sita. Tangi litabaki na lita 4,892, ambazo kwa kipimo kile kile ni maji ya siku nne na zaidi. Madirisha ni yale yale na ung'avu ni ule ule. Tofauti ni siku tatu za maji kwa watu 72.

Hesabu hii ina uzito zaidi nchini Uganda kwa sababu ya njia ambayo maji hupita kabla ya kufika bombani. Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka liliundwa mwaka 1972, nalo lilianza kazi katika miji mitatu ya Kampala, Jinja na Entebbe. Maji ya Kampala huvutwa Ziwa Viktoria, yakasafishwa Ggaba na kwingineko, kisha yakasukumwa kwa mashine kupanda hadi matangi yaliyojengwa juu ya vilima, kama vile kilima cha Muyenga. Kwa hiyo kila lita inayomwagwa ukutani ilikwisha kutiwa dawa na kupandishwa mlimani kwa umeme. Anayeimwaga ovyo hamwagi maji peke yake.

VIFAA NA ASILI YAKE

Kubeba pampu mgongoni si jambo geni. Katika miaka ya 1880 wakulima wa mizabibu nchini Ufaransa, ambao mashamba yao yalikuwa yameshambuliwa na ukungu, walianza kutumia matangi ya mgongoni yenye mkono wa kupampu ili kunyunyiza dawa majani yote. Tangu hapo kifaa hicho kimezunguka dunia nzima. Mkulima wa kahawa wa Masaka na mfugaji wa Mbarara anayenyunyizia ng'ombe dawa ya kupe wote wanakijua vema.

Tangi la kuoshea madirisha ni ndugu yake. Huchukua lita 20 hivi, lina betri na pampu ndogo inayosukuma maji, na lina kirungu cha kuongeza au kupunguza kasi ya maji. Mpira mwembamba hupita ndani au kando ya fimbo hadi kwenye burashi, na hapo maji hutoka kwa vitundu viwili vidogo. Fimbo hutengenezwa kwa alumini, kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa, au kwa nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi lakini ghali. Vipande vyake huingiana kama darubini ya baharia, hata mtu aliyesimama chini akaweza kufikia madirisha ya ghorofa ya juu.

Kazi hii ilienea sana nchini Uingereza, ambako kwa miaka mingi waosha madirisha walipanda ngazi, na wengi walianguka. Mwaka 2005 zilitungwa huko kanuni za kazi za mahali pa juu. Kanuni hizo hazikupiga ngazi marufuku, bali zilisema kwamba kazi inayoweza kufanywa kutoka chini ifanywe kutoka chini. Tangu wakati huo fimbo ndefu imechukua mahali pa ngazi katika nyumba nyingi.

Hata Uingereza, nchi inayosifika kwa mvua, imejifunza kuyaheshimu maji. Sheria ya mwaka 2010 kuhusu mafuriko na usimamizi wa maji inayaruhusu makampuni ya maji kuzuia matumizi ya mipira wakati wa ukame, na katika orodha ya mambo yanayoweza kuzuiwa kumo kuosha kuta na madirisha ya nyumba za kukaa kwa mpira wa maji. Barani Afrika mfano unaokumbukwa zaidi ni mji wa Cape Town. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkazi wa mji huo alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku kwa mahitaji yake yote, maana mabwawa yalikuwa yanakaribia kukauka. Watu waliyakinga maji ya kuogea na kuyatumia tena chooni. Uangalifu huo, pamoja na mvua zilizonyesha baadaye mwaka huo, uliuepusha mji na siku ya mabomba kufungwa.

KABLA YA KUFUNGUA MAJI

Siri ya kwanza ya kuhifadhi maji ni kuanza bila maji. Vumbi la barabara za udongo mwekundu, utando wa buibui na mabaki ya wadudu huondoka kwa burashi kavu. Anayeyapiga maji kwanza huligeuza vumbi kuwa tope, kisha hulazimika kumwaga maji mengine ili kuliondoa tope hilo. Kwa hiyo fimbo ipandishwe ikiwa kavu, fremu na pembe zote zipigwe burashi, na kizingiti kifagiliwe. Wavu wa mbu uondolewe, ukung'utwe nje kwa mkono, na usioshwe ila ukiwa na mafuta ya jikoni.

Siri ya pili ni kuchagua saa. Jua kali hukausha kioo kabla uchafu haujalainika, na mwoshaji hulazimika kurudia mara mbili au tatu. Asubuhi na mapema au jioni kivulini, lita moja hufanya kazi ya lita mbili za saa sita mchana. Saa iliyo bora kuliko zote ni ile inayofuata mvua, kwa kuwa mvua imekwisha kulainisha uchafu bila malipo.

Siri ya tatu ni subira. Kuna uchafu usiotoka upesi, kama kinyesi cha yule ndege mkubwa aitwaye kaloli mjini Kampala, au madoa ya wadudu wa ziwani ambao huyajaa madirisha ya Entebbe kwa majira yao. Wengi hulielekezea doa kama hilo mpira wa maji mpaka litoke. Njia ya busara ni kulilowesha kidogo, kwenda kuosha dirisha jingine, na kurudi baada ya dakika chache. Doa likishalainika, burashi huliondoa kwa pigo moja. Kazi ya maji ni kulainisha; kuondoa ni kazi ya burashi. Asiyeielewa tofauti hiyo atamwaga tangi zima na doa litabaki palepale.

UTARATIBU WA KAZI

Dirisha la juu hutangulia la chini, na katika dirisha moja sehemu ya juu hutangulia ya chini, kwa sababu uchafu hushuka pamoja na maji. Anayeanza chini huosha mara mbili.

Kwanza burashi isuguliwe kwenye fremu ya juu kwa maji kidogo tu. Fremu isiloweshwe kupita kiasi, maana itaendelea kudondosha matone machafu juu ya kioo kilichokwisha oshwa. Baada ya fremu, kioo kiloweshwe kwa mapigo machache kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo maji yafungwe. Hapa ndipo wengi hukosea: husugua huku maji yanatiririka. Kioo kilicholowa kitasugulika vema bila maji mapya, mapigo ya kwenda juu na chini, kisha ya kwenda kulia na kushoto, na pembe zikumbukwe. Uchafu ukiisha kuachana na kioo, maji yafunguliwe tena kwa suuza moja, kuanzia chini kidogo ya fremu ya juu, burashi ikisogea taratibu kutoka upande hadi upande huku maji yakishuka. Kizingiti humaliziwa mwisho.

Kioo chenyewe humwambia mwoshaji lini aache. Katika kioo cha kawaida kilichotakata, maji hushuka kama shuka moja nyembamba. Yakijikusanya na kuwa matone matone, mara nyingi bado kuna mafuta, na dawa yake ni kusugua tena, si kuongeza maji. Vipo vioo vichache ambavyo kwa asili yake huyafanya maji kuwa matone hata vikiwa safi. Hivyo huhitaji suuza ndefu kidogo, na mwoshaji akishavijua havimsumbui.

Sabuni isitiwe kwenye tangi la mgongoni. Sabuni huacha utando, na utando hudai maji mengi ya kusuuzia kuliko yale yaliyookolewa. Tena huweza kuziba vitundu vya maji. Ikiwa dirisha la jiko lina mafuta, lipanguswe kwanza kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya sabuni kidogo, kisha liingizwe katika utaratibu wa kawaida.

Mwisho, viungo vya mpira vikaguliwe kabla ya kazi kama bunduki inavyokaguliwa kabla ya zamu. Kiungo kinachovuja hupoteza maji na humlowesha mbebaji mgongo. Vitundu vilivyozibwa na mchanga visafishwe kwa maji, visitobolewe kwa msumari, kwa sababu kitundu kilichopanuka kitamwaga maji mengi siku zote.

KWA NINI KIOO HUBAKI NA MADOA

Mtu aweza kuosha dirisha vizuri, na likikauka akaona madoa meupe. Madoa hayo si uchafu uliobaki, ni madini yaliyokuwa ndani ya maji. Maji huruka hewani na chokaa hubaki. Kwa ajili hiyo wenye kazi hii katika nchi za nje huyachuja maji mpaka yasiwe na madini karibu yoyote, wakapima kwa kipimo kidogo ambacho husoma sifuri au karibu na sifuri. Maji ya namna hiyo yakiachwa kioo kijikaukie, hayaachi alama, wala kufuta hakuhitajiki.

Lakini hapa kuna mtego kwa anayetaka kuhifadhi maji. Mashine moja ya kuchujia huyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana. Katika kila lita ya maji safi inayopatikana, mashine hiyo hutoa kando lita moja, mbili au hata tatu za maji yenye madini yaliyokusanyika. Maji hayo yakielekezwa mtaroni, mwoshaji anayejisifu kwa kutumia lita 20 atakuwa ametumia 40 au 80. Ni lazima yakingwe katika pipa, na kutumiwa kwa kupiga deki na kusafishia vyoo. Chujio la aina nyingine, lililojazwa punje za rezini, huyashika madini bila kutupa maji, lakini punje hizo huchoka na kuhitaji kubadilishwa.

Kwa bahati njema, maji ya Ziwa Viktoria hayana madini mengi, na katika miji inayoyatumia madoa si tatizo kubwa. Maji ya visima virefu mara nyingi huwa na madini zaidi. Pale ambapo hakuna chujio, dawa ni kutoyaacha maji yakauke kiooni: yakwanguliwe na kufutwa. Kikwanguo cha mpira chenye mshiko wa shaba kilibuniwa mwaka 1936 nchini Marekani na Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa mwosha madirisha huko California, na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo. Hicho nacho chaweza kufungwa kwenye fimbo.

MAJI YA MVUA

Yapo maji ambayo yanashuka yakiwa karibu hayana madini kabisa, nayo ni ya mvua. Katika Kampala na sehemu kubwa za kusini mwa Uganda misimu ya mvua ni miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 litashusha lita 400 hivi, ukiondoa kidogo kinachorukia nje. Hizo ni jerikani 20 ambazo hapana mtoto aliyezibeba kichwani.

Maji ya kwanza ya mvua yaachwe yapite, kwa kuwa yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege vilivyo juu ya bati. Yanayofuata yaelekezwe kutoka kwenye mchirizi hadi kwenye pipa lenye mfuniko, na kabla ya kumiminwa katika tangi la mgongoni yapitishwe katika kitambaa safi. Mfuniko usisahauliwe: pipa lililo wazi ni nyumba ya mbu. Jumba lililotumika kuwa mfano hapo juu lingeweza kuosha madirisha yake yote 72 kwa robo ya mvua hiyo moja na ziada kidogo, bila kuligusa tangi kubwa.

KWA WASIO NA VIFAA HIVYO

Familia nyingi hazina fimbo ya kaboni, wala haiwezekani kila nyumba inunue. Kwa nyumba ya chini, pampu mpya ya mkulima yafaa sana. Watu wawili wafanye kazi pamoja, mmoja akinyunyiza na mwingine akisugua kwa burashi iliyofungwa kwenye mwanzi mrefu. Pampu hiyo hufungwa na kufunguliwa kwa kidole, na kwa hiyo maji hayatoki wakati hayatakiwi.

Palipo na ndoo tu, lita tano zatosha madirisha sita. Lita tatu ziwe katika ndoo ya kuoshea na mbili katika ndoo ya kusuuzia kitambaa, na ndoo hizo zisichanganywe. Kioo kifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha kikaushwe kwa kitambaa kikavu, au kwa gazeti la zamani lililokwisha somwa na watu wote wa nyumbani. Madirisha ya vipande vya vioo vinavyoinuka na kulala hufutwa kipande kimoja kimoja kwa kitambaa chenye unyevu, mkono mmoja juu na mwingine chini. Kuyapiga kwa mpira ni kuingiza maji kitandani.

Maji yaliyotumika bila sabuni yasipotee. Beseni au mfereji mdogo chini ya dirisha huyapeleka kwenye shina la mgomba au la mpapai. Yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi ikiwa yameosha vinyesi vya ndege.

HATARI ZA KUEPUKWA

Onyo kubwa kuliko yote ni hili: pampu iliyowahi kubeba dawa ya kupe, ya wadudu au ya magugu isitumiwe kamwe kuoshea madirisha. Kuisuuza hakutoshi. Dawa hujificha ndani ya mpira, katika viungo na chini ya pampu, na siku ya kuosha itamwagika juu ya kichwa cha mwoshaji, juu ya kizingiti ambapo mtoto huweka mikono yake, na katika udongo wa bustani. Pampu ya madirisha iwe mpya tangu mwanzo, iandikwe kwa rangi maneno MAJI TU, na iwekwe mbali na stoo ya dawa.

Onyo la pili ni juu ya umeme. Fimbo ya alumini hupitisha umeme, na ya kaboni pia hupitisha. Kabla ya kuiinua, mwoshaji atazame juu na kuziona nyaya zote. Mahali ambapo fimbo ikianguka yaweza kugusa waya, isisimamishwe. Radi ni nyingi katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria, na wingu likianza kunguruma kazi iachwe mara moja.

Onyo la tatu ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi lililojaa lina kilo 20 za maji, na uzito wa betri na tangi lenyewe juu yake. Askari kijana amezoea mzigo kama huo. Mama mjamzito, mzee, au kijana wa shule hakuzoea, naye asibebeshwe. Tangi laweza kujazwa nusu. Na hapana ruhusa kwa yeyote kupanda ngazi akiwa amelibeba, kwa kuwa faida yote ya fimbo ni kumbakiza mtu chini.

MPANGO WA JUMBA

Seti moja ya vifaa yatosha jumba zima, au hata majumba kadhaa, ikiwa kuna utaratibu. Ikabidhiwe kwa mtu mmoja, iandikwe katika daftari inapotoka na inaporudi, na anayeirudisha aimwage iliyobaki, akaushe mpira na kuichaji betri. Siku za kuosha zigawanywe, ghorofa moja kwa juma moja, badala ya jumba zima kuosha siku moja kabla ya ukaguzi. Hivyo madirisha huwa safi mwezi mzima, na tangi halipigwi pigo moja kubwa.

Mwenye daftari aongeze safu moja zaidi: kimo cha maji ya tangi kabla ya kazi na baada yake. Fimbo iliyotiwa alama yatosha kupimia. Baada ya miezi michache jumba litajua lilikuwa linatumia kiasi gani na sasa linatumia kiasi gani, wala halitahitaji kuhubiriwa na mtu. Na wakuu wanaopita kukagua makazi, wakishatazama vioo, wangefanya jambo jema kuomba daftari hilo na kulisoma. Madirisha ya ghorofa ya juu yakiwa safi na tangi likiwa limejaa, Jumatatu asubuhi watoto wa jumba hilo watakwenda shule mikono yao ikiwa na vitabu, wala si jerikani.